Fainali ya Jumamosi: nimwache mrushaji mmoja hadi mwisho, au nigawanye mchezo kwa warushaji watatu?

Mpangani

Wapenzi wa besiboli, salaam. Nipo Toronto, ambako kwa miaka minne nimekuwa nikifundisha timu ya vijana ya mtaa wetu, na Jumamosi hii tunacheza fainali ya mtoano ambayo hatujawahi kuifikia. Ninaye mrushaji mmoja hodari kuliko wote wa rika lake niliowahi kuwaona, na nyuma yake nina wawili wa kawaida, ambao mmoja wao ni wa mkono wa kushoto.

Wasaidizi wangu wamegawanyika. Mmoja anataka kijana huyo arushe tangu mwanzo mpaka atakapochoka mwenyewe. Mwingine anataka atolewe mara tu safu ya wapigaji wa upande wa pili itakapokuwa imepita mara mbili, hata akiwa anafanya vizuri, kwa kuwa mpigaji anayekutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu huwa amekwisha kuuzoea mpira wake. Mimi nimefikiria njia nyingine, yaani kuanza na yule wa mkono wa kushoto kwa awamu moja au mbili, kisha hodari wetu aingie na kuumaliza mchezo. Ninalazimika kuamua kabla ya Ijumaa usiku. Ninyi mngefanyaje?

Mwenye_Chake

Ndugu Mpangani, hongera kwa kufika fainali, ingawa umetuficha mambo ya msingi. Hujasema kijana ana umri gani, mchezo wenu ni wa awamu ngapi, wala alirusha lini mara ya mwisho.

Hata hivyo msimamo wangu ni mmoja: usimtoe mtu anayekushindia. Ninaishi Minneapolis, na tarehe 4 Oktoba 2023 nilikuwa uwanjani Twins walipocheza na hao Blue Jays wenu katika mzunguko wa kwanza wa mtoano. José Berríos, ambaye zamani alikuwa wetu, alirusha awamu 3 bila kuruhusu mkimbio, yaani alama, hata mmoja, akawatoa watano kwa straiki, na alikuwa amerusha mipira 47 tu. Alipomwachia mpigaji wa kwanza wa awamu ya 4 aende besi ya kwanza bure, kocha John Schneider akatoka na kumchukua, akamwingiza Yusei Kikuchi. Sisi tuliokuwa jukwaani tulitazamana, kwa sababu mtu tuliyekuwa tukimwogopa alikuwa anaondoka kwa miguu yake. Katika awamu hiyohiyo tulipata mikimbio 2, na mchezo ukaisha 2 kwa 0. Toronto wakarudi nyumbani.

Mwaka 2020 ilikuwa vivyo hivyo katika mchezo wa 6 wa World Series, fainali ya ligi kuu ya Marekani. Blake Snell wa Tampa Bay alikuwa amerusha mipira 73 na kuwatoa Dodgers tisa kwa straiki, na wapigaji watatu wa mwanzo wa safu yao walikuwa wamekutana naye mara sita na kutolewa kwa straiki mara zote sita. Kocha Kevin Cash alimtoa katika awamu ya 6 akiongoza 1 kwa 0, kwa hoja ileile ya msaidizi wako. Mookie Betts wa Dodgers akaupiga papo hapo mpira wa Nick Anderson, aliyeingia badala ya Snell, na kabla awamu haijaisha Dodgers walikuwa mbele.

Nyota_ya_Kisumu

Kaka Mwenye_Chake, mifano yako ni ya kweli lakini umeikata nusu. Mwaka 2023 Blue Jays hawakupata mkimbio hata mmoja siku ile, na katika awamu ya 5 Vladimir Guerrero Jr. alinaswa nje ya besi ya pili wakati wana wakimbiaji wawili waliokuwa tayari kufunga. Berríos angerusha awamu zote tisa kwa ukamilifu, na bado Toronto wasingeweza kushinda kwa sifuri.

Kama ni kuleta historia, ileteni pia ya 2003, mchezo wa 7 kati ya Boston na Yankees. Kocha wa Boston, Grady Little, alimrudisha mrushaji wake Pedro Martínez katika awamu ya 8 akiwa na 5 kwa 2, mipira 100 ikiwa imekwisha kutoka mkononi mwake. Yankees walipoanza kupiga, Little alikwenda hadi kwenye kilima, akamwuliza Pedro kama anaweza kuendelea, akaridhika na jibu, akarudi kuketi. Matokeo yakawa 5 kwa 5, kisha Aaron Boone wa Yankees akapiga homurani, pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja, katika awamu ya 11. Kocha aliyeamini jicho na heshima ya mchezaji wake hakuongezewa mkataba.

Mimi ni mtu wa Seattle, na jeraha langu ni la 2025. Tulikuwa tunaongoza 3 kwa 1 katika mchezo wa 7 dhidi ya Toronto, awamu ya 7, wakimbiaji wawili wakiwa besi. Kocha wetu Dan Wilson alikuwa sahihi kabisa kumtoa mrushaji Bryan Woo. Kosa ni kwamba alimleta Eduard Bazardo ilhali Andrés Muñoz, mrushaji wetu bora wa akiba, alibaki kusubiri awamu za mwisho. George Springer wa Toronto akapiga homurani ya mikimbio 3, na timu ambayo haijawahi kucheza World Series ikabaki haijacheza. Ndiyo maana swali lako, Ndugu Mpangani, naliona limewekwa kinyume. Kabla ya kuuliza ni lini umtoe hodari wako, tuambie anayeingia baada yake ni nani, na unamwamini kiasi gani.

Dada_Mikindani

Nimesubiri mwenye swali ajibu maswali aliyoulizwa, naye hajajibu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Columbus, na wateja wangu wengi ni watoto wanaorusha mpira. Tafadhali sema umri wa kijana, mipira aliyorusha juma hili, na kama anacheza nafasi nyingine siku ambazo harushi. Mpaka hapo, Pedro Martínez na Blake Snell hawatusaidii chochote.

Mpangani

Samahani, dada. Kijana ana miaka 14. Mchezo wetu ni wa awamu 7. Jumatano katika nusu fainali alirusha mipira 48, na siku ambazo harushi huwa ni mdakaji, kwa sababu ndiye mwenye mkono wenye nguvu kuliko wote.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitaja kwa kuwa nililiona la pembeni. Nilipomtoa Jumatano alikataa kunikabidhi mpira, na alipofika pembeni aliitupa glavu chini mbele ya wenzake. Msaidizi wangu wa kwanza anasema hiyo ni hamu ya kushinda. Wa pili anasema kijana wa namna hiyo hapaswi hata kuanza fainali.

Dada_Mikindani

Sasa tunazungumza. Mwongozo wa Pitch Smart, ambao ligi kuu ya Marekani iliutoa mwaka 2014 pamoja na chama cha besiboli cha taifa, unasema kijana wa miaka 13 au 14 asizidishe mipira 95 kwa siku, na aliyerusha kati ya 36 na 50 apumzike siku mbili kamili. Kwa hesabu hiyo Jumamosi anaruhusiwa, ila kwa shida. Soma pia kanuni za mashindano yenu wenyewe, kwani ndizo zitakazokufunga.

Linalonitia wasiwasi ni udakaji. Mdakaji hurudisha mpira kwa mrushaji kila mara, kwa hiyo mkono ambao wewe unadhani unapumzika huwa unafanya kazi mchezo mzima. Mfupa wa kiwiko cha mtoto wa miaka 14 bado una sehemu laini inayokua, na hapo ndipo misuli inapovuta kwa nguvu kila anaporusha. Kwa watu wazima huchanika kano. Kwa watoto mara nyingi huanza kwa mfupa wenyewe kuvutwa na kuvimba, na mtoto mwenye bidii hukwambia kwamba hajambo.

Mwalimu_Upanga

Dada amesema kweli, na naomba niliseme langu kwa urefu kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha besiboli katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam. Mchezo huu wengi wetu tuliupokea kutoka kwa Wajapani waliokuja kujitolea, na pamoja na mchezo tulipokea masimulizi ya Koshien, mashindano ya shule za kwao. Nililipenda zaidi simulizi la Daisuke Matsuzaka, ambaye mwaka 1998 alirusha mipira 250 katika awamu 17 za robo fainali, kesho yake akaingia mwishoni mwa nusu fainali, na siku iliyofuata akashinda fainali bila mpinzani hata mmoja kupata pigo safi. Niliwasimulia vijana wangu habari hiyo kana kwamba ni somo la maadili.

Mwaka huo tulicheza nusu fainali asubuhi na fainali alasiri ya siku hiyohiyo. Nilikuwa na kijana mmoja wa kidato cha tatu, mrefu, mpole, ambaye hakuna shule iliyoweza kumpiga. Asubuhi alirusha mchezo mzima. Alasiri nikamwanzisha tena. Kufikia awamu ya 4 niliona mkono wake umeanza kushuka, anarusha kwa ubavu badala ya kutoka juu, na kila baada ya mpigaji mmoja anaukung'uta kama mtu aliyelalia mkono. Nilimwendea nikamwuliza. Akasema, "Sijambo, mwalimu." Nikarudi kukaa. Tulishinda kwa mkimbio mmoja na tukapiga picha na kombe.

Jumatatu hakuweza kushika kalamu. Hospitalini walituambia ni kano ya ndani ya kiwiko. Upasuaji ambao daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwenye kiwiko cha mrushaji Tommy John ungeweza kumrudisha uwanjani, lakini kwa familia ile ulikuwa mbali kama mwezi. Mama yake alikuja shuleni. Hakunitukana wala hakulia. Aliniuliza swali moja tu, mwanawe alirusha mipira mingapi siku ile, nami sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hakuna aliyehesabu.

Wajapani wenyewe waliweka kikomo cha mipira 500 kwa juma katika mashindano ya shule mwaka 2020. Mimi siku hizi simwanzishi mtoto yeyote kabla sijamteua mtu wa kuketi na daftari. Ndugu Mpangani, gawa mchezo.

Mwenye_Chake

Pole sana, Mwalimu, na ninaliheshimu uliloliandika. Lakini hapo ilikuwa ni michezo miwili kwa siku moja, nasi tunazungumzia kijana aliyepumzika. Mwaka 2025 Yoshinobu Yamamoto alirusha mipira 96 katika mchezo wa 6 wa World Series, na kesho yake akarusha mingine 34 katika mchezo wa 7 mpaka Dodgers wakatwaa ubingwa katika awamu ya 11.

Dada_Mikindani

Yamamoto alikuwa na miaka 27. Mifupa yake ilikwisha kukua zamani.

Nyota_ya_Kisumu

Naomba turudi kwenye ile glavu, kwa sababu naona wote wameipita. Snell alionyesha usoni kabisa kwamba hakubaliani na uamuzi wa kocha, lakini alitoka. Kumkatalia kocha mpira ni jambo tofauti, nami ningemwanzishia benchi hata kama ni fainali.

Mwenye_Chake

Kwa miaka 14? Mtoto amekosa adabu kwa dakika moja, nawe unamnyima siku ambayo ataikumbuka maisha yake yote. Hapo Toronto kwenyewe, Oktoba 2015, José Bautista alipiga homurani ya mikimbio 3 dhidi ya Texas akalirusha gongo lake hewani, na mji mzima bado unaitunza picha hiyo. Hisia ni sehemu ya mchezo.

Nyota_ya_Kisumu

Na Mei 2016 Rougned Odor wa Texas akampiga Bautista ngumi ya taya kwenye besi ya pili. Hiyo nayo ni sehemu ya mchezo?

Mwalimu_Upanga

Korea Kusini wapigaji hulirusha gongo kwa madaha na warushaji hawaudhiki, kwa hiyo tusilifanye gongo la Bautista kuwa dhambi. Alifurahi mbele ya mpinzani. Glavu ya kijana huyu ilitupwa mbele ya mwenzake aliyekuwa anaingia kuchukua nafasi yake, na huyo mwenzake ndiye utakayemhitaji Jumamosi. Je, Ndugu Mpangani, ulizungumza naye yule aliyeingia?

Mpangani

Sikuzungumza naye, Mwalimu, na ninaona haya kukiri hivyo. Nitamwita leo.

Kuna habari mpya ambayo imenivuruga. Baada ya kusoma maneno ya dada nilimpigia simu mama wa kijana, naye akaniambia kwamba jana, Alhamisi, kijana alikwenda kwenye mazoezi ya timu yake ya pili na akarusha kwa wapigaji. Nilimwuliza alirusha mipira mingapi. Hajui, na kocha wa timu hiyo hapokei simu.

Mwenye_Chake

Mazoezi si mchezo. Huko hurusha kwa nusu ya nguvu.

Dada_Mikindani

Umejuaje kwamba ilikuwa nusu? Mwulize kijana mwenyewe, bila wenzake kuwapo, na usimwulize kama anaumwa. Mwambie anyooshe mkono wote kisha aukunje mpaka vidole viguse bega, huku ukimtazama usoni. Asiponyoosha sawa na mkono wa pili, harushi. Akinyoosha, bado mimi kama mzazi nisingekubali azidishe awamu mbili, tena bila kudaka.

Nyota_ya_Kisumu

Basi swali limerudi pale nilipoliweka. Yule wa mkono wa kushoto amewahi kuanza mchezo?

Mpangani

Mara moja tu, mwezi Juni. Tulishinda 9 kwa 7. Nakwenda kwa kijana sasa hivi, kabla hajalala.