Naomba ushauri: darubini na safari ya msitu wa Rondo

Habari zenu wakuu. Niko Mtwara, napenda sana kuangalia ndege. Kwa sasa naishia kwenye mikoko ya Mikindani na, nikipata nauli, Msimbati ndani ya hifadhi ya bahari. Maji yakipwa hapo raha tupu: kuna yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, kitaalamu Dromas ardeola. Anamnyakua kaa, anamtikisa mpaka miguu inang'oka, ndipo anameza. Huyu anataga kwenye mashimo ya mchanga huko Uarabuni, kwetu anakuja kutafuta riziki tu.

Sasa nataka kupanda Rondo, Lindi. Shida yangu kubwa ni darubini. Ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) na ya 10x50, ipi inafaa msitu wenye giza? Naambiwa 10 inatikisika mkononi, ila ufukweni ndege wako mbali. Na mtumba wa Kariakoo unaaminika, au lenzi zinakuwa na ukungu ndani?

Pili, kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) nifuatilie Lindi mjini au huko huko msituni? Na masika barabara inapitika kwa bodaboda? Namtafuta Geokichla guttata, yule wa madoa kifuani anayepekua majani makavu chini.

Halafu mwenzenu nikishika darubini watu wanadhani napima viwanja. Nyie mnajitambulishaje kijijini, mnaanza kwa mwenyekiti au mtendaji?