Tupeane uzoefu: tairi za AT (All-Terrain, za lami na njia mbovu) kwenye pikapu ya zamani, ulifunga zipi na zikakufanyia nini?

Chuma Chakavu (Morogoro)

Wakuu, habari za majukumu. Nina Hilux LN106, ile yenye injini ya dizeli inayoitwa 3L (ni jina, siyo lita) isiyo na tabo, springi mbele na nyuma. Tairi zimebaki vipara na mavuno ya mpunga Kilombero yanakaribia, kwa hiyo nafunga mpya zote pamoja na spea. Kila ninayemuuliza anasema "weka AT mkuu, utasahau shida". Ukimuuliza saizi gani na inabeba kilo ngapi, anaanza kukuonyesha meno yalivyo makubwa.

Msimamo wangu ni kwamba pikapu ya umri huu haina nguvu za kuchezea, na kazi yake ni mzigo. Tairi ipimwe kwanza kwa mzigo, halafu kwa barabara. Urembo ukae mwisho wa foleni. Ila nataka kusikia waliozitumia, siyo waliosoma tangazo. Semeni gari, saizi, njia mnazopita na yaliyowakuta. Anayeuza tairi apite kushoto.

Mchimba Visima (Handeni)

Mkuu, mimi nina Land Cruiser HZJ75 pikapu, inabeba mabomba na pampu kati ya Handeni, Kibaya na Simanjiro. Ilikuja na 7.50R16. Nikatoka huko nikaenda 235/85R16, ambayo urefu wake ni karibu sawa kabisa, hivyo spidi mita haidanganyi na hakuna kinachogusa. Nilifunga BFGoodrich KO2.

Kilichonipeleka huko ni miiba. Ukiacha barabara kuu Simanjiro unapita katikati ya migunga, na mwiba wa mgunga hauchomi kashata (sehemu ya meno inayokanyaga barabara) tu, unaingia ubavuni. Pancha ya kashata siyo tatizo: unatoa mwiba, unasokota kamba yenye gundi, unajaza upepo, unaondoka. Ya ubavuni ni habari nyingine. Pale tairi inakunjika kila inapozunguka, kamba haishiki, na hata kiraka cha ndani hakidumu. Tairi nzuri yenye kashata ya kutosha inaishia kuwa bembea ya watoto. KO2 ina tabaka tatu ubavuni, na tangu nifunge, pancha za ubavuni nimezisahau.

Ubaya upo. Ni nzito, kijana wa pancha akiiona anapandisha bei kabla hajashika jeki. Na dizeli inaongezeka, siyo sana lakini utaiona.

Mama Viazi (Makete)

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Mimi niseme la mzigo kwa sababu limenigharimu.

Gari ni Hilux ya miaka hiyohiyo, inatoa viazi mashambani hadi Makambako. Duka moja likaniuzia AT nzuri za macho, meno mpaka begani. Dereva alifurahi, nami nikafurahi. Baada ya muda nikaona zile za nyuma zikipakiwa zinatoa kitambi chini, na tukifika mjini huwezi kuweka kiganja, zinaunguza. Moja ikapasuka na magunia juu, bahati tulikuwa tunapanda siyo kushuka.

Mwanangu anayesoma ufundi ndiye aliyenionyesha namba ubavuni. Ilikuwa 104, maana yake tairi moja inabeba kilo 900. Mbili za nyuma ni kilo 1,800, na hapo uzito wa gari lenyewe upande wa nyuma umo ndani. Sisi tulikuwa tunapakia tani moja na nusu! Ile ni AT ya gari la kutembelea, siyo ya mzigo.

Sasa nafunga 205R16C yenye 110/108. Hiyo 110 ni kilo 1,060 kwa tairi moja. Hiyo 108 ni kwa magari yanayofunga pacha nyuma, sisi haituhusu. Na magunia nimepunguza, nisiseme uongo kwamba tairi peke yake ndiyo iliyotibu.

Chuma Chakavu

Shikamoo mama. Hapo umenifungua macho kwenye herufi C. Kumbe mbili zinaweza kuwa AT zote, meno yaleyale, na moja ikabeba gunia mbili zaidi ya mwenzake.

Mama Viazi

Marahaba mwanangu. Angalia C mwishoni au LT mwanzoni, hizo ni alama za tairi za mzigo, na uangalie PR, kipimo cha uimara wa tabaka zake. Ya kwangu ni 8PR.

Spana 14 (Arusha, gereji)

Naona hakuna aliyegusa ugonjwa wa tairi pana za 31x10.5R15, basi ngoja niuguse.

Vijana wananunua LN106 ya mzee, kitu cha kwanza wanatupa rimu za chuma na kufunga rimu pana na 31. Gari linapendeza, hilo sikatai. Wiki chache baadaye linarudi gereji. Malalamiko ni yaleyale: ukikata kona hadi mwisho tairi inasugua springi ya mbele, stelingi imekuwa nzito, na ukifika mwendo fulani usukani unatikisika mpaka unataka kukutoka mikononi. Ukinyanyua mbele na kushika tairi juu na chini, unasikia "kata-kata". Ni beringi za nako (kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele), zilikuwa zimechoka tangu zamani, tairi pana imekuja kumalizia tu.

Halafu hesabu. Tairi ya 205R16 ina kipenyo cha milimita 740 na kidogo. Ya 31 ina karibu 787. Hiyo ni asilimia 6 zaidi. Spidi mita ikisema 80, wewe uko 85, na tochi za trafiki hazijui kama umebadilisha tairi. Na ile 3L isiyo na tabo kwenye mlima uliokuwa ukipanda kwa gia ya tatu, sasa utashuka ya pili. Ni kama umemvisha mzee viatu vya askari ukamwambia akimbie.

Ukitaka upana kidogo bila balaa, 225/75R16 ina kipenyo kilekile cha 205R16. Ila hakikisha ni LT, siyo ya gari la kutembelea kama ile iliyompasukia mama hapo juu.

Lami Kavu (Dar)

Mbona mnazunguka sana? Mimi nanunua mtumba, kashata asilimia 70, bei chini ya nusu. Pikapu yenyewe ina miaka 30, unaivisha tairi za bei kuliko injini?

Spana 14

Kaka, kwa kuzunguka mjini sawa. Ila ukinunua moja-moja, mbele chapa hii, nyuma chapa ile, usije ukaingiza foo wili kwenye kokoto ngumu. Gari hizi hazina difu ya katikati. Tairi za mbele zikiwa ndogo kuliko za nyuma hata kwa kashata tu, shafti zinapigana, utasikia gari limekuwa zito na liva haitaki kutoka. Gia boksi ndogo (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma) ikipasuka, hiyo nusu bei uliyookoa hutaiona.

Ami wa Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Niko Oman, asili yetu Unguja. Hapa Hilux za zamani bado zipo nyingi, wenye mashamba ya tende na mbuzi hawazitupi.

Kwenye mtumba nawaongezea hili: tazameni umri, si kashata peke yake. Ubavuni pana neno DOT, mwisho wake pana tarakimu nne. Ikiandikwa 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Joto la huku linaua mpira upesi, tairi inakuwa na kashata tele lakini ukiikunja unaona nyufa nyembamba baina ya meno. Siku ya safari ndefu kashata inabanduka yote kama utepe na kukuvunjia bodi. Hata duka la tairi mpya nasoma hizo tarakimu kwanza, kwani pana zinazolala ghalani miaka.

Na mchangani, AT au si AT, bila kutoa upepo hufiki. Tukiingia mchanga wa Wahiba kutokea Bidiya, tunashuka hadi paundi 15 mpaka 18. Tairi inalala, inakuwa ndefu, gari linapita juu. Ukirudi lami unajaza kabla ya kukimbia, la sivyo utaipika.

Mlinda Kaskazini (Marsabit)

Huku kwetu Kenya kaskazini adui ni mawe. Ukielekea Loiyangalani unapita mawe meusi ya volkano, yana makali, yanakata meno ya tairi vipande vipande. Nilitumia AT laini, zilishika lami vizuri hata mvua ikinyesha, lakini kwa mawe zikawa kama zimetafunwa na panya. Nikahamia zenye mpira mgumu. Mawe hayazisumbui, lakini lami ikilowa unabreki na roho mkononi. Hakuna iliyonipa zote mbili. Kwa mawe nashukisha upepo kiasi, paundi 26 hivi bila mzigo, na natembea polepole. Iliyojaa kabisa inakatika haraka.

Mama Viazi

Hilo la lami kulowa ni kweli tupu. Mteremko wa Kitonga mvua ikinyesha, na AT ngumu, na mzigo nyuma... tumieni gia, msitegemee breki.

Mbuga Nyeusi (Meatu)

AT huku kwetu masika ni mapambo. Udongo mweusi wa mbuga unajaza meno dakika moja, tairi inakuwa duara laini la tope. Kidogo inasaidia tairi nyembamba, inachimba mpaka chini kugumu. Pana inaelea halafu inateleza mtaroni. Mimi nina 7.00R16 za meno makubwa. Hata hivyo siku zingine tunapaki tunasubiri jua.

Chuma Chakavu

Nimesoma wote, asanteni sana. Njia yangu ni lami hadi Ifakara, kisha moramu, kisha tope la mashambani mwishoni. Naenda 205R16C ya AT, 8PR, tano zinazofanana, na tarakimu za DOT nitasoma mwenyewe kwa tochi. Rimu zangu za chuma ni zilezile za tangu zamani, na mbili zinavuja upepo taratibu. Fundi wa hapa anasema niweke tyubu ndani. Ni sawa?

Spana 14

Usiweke tyubu kwanza. Kwenye LN106 uvujaji huo mara nyingi ni kutu pale tairi inapokalia rimu. Zikivuliwa za zamani, mwambie asugue ukingo wote kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, apake rangi nyembamba, aiache ikauke kabisa, na abadilishe valvu zote tano, ni za bei ya soda. Halafu ajaze na kumwagia maji ya sabuni pale ukingoni. Ikitoa mapovu bado, rimu ina ufa au imepinda, hiyo tafuta nyingine. Tyubu ndani ya tairi isiyo ya tyubu inasuguana na kupata joto ukipakia, na ikipata mwiba inashuka yote mara moja badala ya taratibu.

Na umwambie afunge nati kwa mkono kwanza.