Paka wa kuokota anatafuta nyumba hapa Lamu, naomba ushauri
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina paka jike niliyemwokota gatini akiwa mdogo, macho yamegandana kwa tongo. Sasa ni mzima, amefungwa kizazi na kuchanjwa kichaa cha mbwa. Mapenzi yake yamezidi: mgeni akikaa tu barazani, keshamrukia mapajani, anamkandakanda kanzu kwa kucha. Naondoka mtaa wetu wa Langoni kuhamia Mombasa, na mwenye nyumba wa huko hataki mnyama. Wengine waniambia nimwache sokoni, vichwa vya samaki havimpigi chenga. Huyu alalaye kitandani? Madume ya pale yatamrarua! Kuna mtu wa Shela, kijiji cha jirani hapa kisiwani, anamtaka, ila ana paka wengine. Nimpe, au nitafute nyumba isiyo na paka? Na mliowahi kuhamisha paka mkubwa, mlimfungia ndani muda gani asitoroke kurudi mtaa wa zamani?