Naomba ushauri: kivuli cha kambi katika jangwa la Chalbi

Wadau, habari zenu. Tunapanga kupiga kambi Chalbi, Marsabit, upande wa Kalacha, watu sita na Land Cruiser moja. Mahema tunayo. Shida ni kivuli cha mchana, maana pale ni uwanda mtupu wa chumvi.

Nimewaza turubai la mita 4 kwa 6, upande mmoja lifungwe kwenye keria ya gari, wa pili lishikwe na mabomba mawili ya chuma. Ninachohofia ni upepo. Si bure mitambo 365 ya umeme wa upepo ikasimamishwa eneo la Loiyangalani! Turubai zima litageuka tanga. Je, neti ya kivuli ya wakulima haifai zaidi, kwa kuwa inapitisha hewa? Au nifunge mbili, moja juu ya nyingine, niache nafasi katikati joto litoke?

Halafu vigingi. Kwenye udongo laini naona vitang'oka tu; mifuko ya mchanga iliyozikwa itashika? Na gari nilielekeze wapi, ikiwa upepo mwingi hutoka kusini-mashariki? Waliowahi kulala huko, nisaidieni kabla sijanunua vifaa.