Wakala wa safari kaniuzia macheo ya mlimani bila kibali, mama kageuziwa getini, na hela hataki kurudisha

Wakuu habari zenu. Mods naomba msiufiche uzi huu wala msiuunganishe na mwingine, nimekaa na hili jambo kifuani wiki tatu na leo nalitoa lote.

Nianze na mama maana yeye ndo mwenye jambo. Mama yangu ana miaka 68, muuguzi mstaafu, kazaliwa Marangu, yaani kakua anafungua mlango asubuhi anauona Kilimanjaro, na hajawahi kuupanda hata siku moja. Ujana wake hela yote ilienda kwenye ada za wadogo zake, baadae ada zetu sisi, baadae magoti yakagoma. Alikuwa na swali moja tu nalisikia tangu niko darasa la tatu, wale wageni wanaopandishwa usiku kwa tochi ili jua liwakute juu, huwa wanaona nini?

Sasa dada yangu anaishi Marekani, mwaka huu akasema anamlipia mama safari ya meli ya kitalii Hawaii, ile inayoanzia Honolulu inazunguka visiwa siku 7, viza zikatoka na mimi nikawekwa humo kumsindikiza. Kuangalia ratiba tukaona meli inalala bandari ya Kahului kisiwa cha Maui, na hapo Maui kuna mlima wa volkano unaitwa Haleakala, mita 3,055, na lami inafika mpaka kileleni. Mnanielewa lakini? Mtu wa magoti mabovu anakaa kwenye siti, gari linamtoa usawa wa bahari linampeleka juu ya mawingu, anashuka anasubiri jua. Dada akamsimulia mama kwamba jina la mlima maana yake ni nyumba ya jua, na wenyeji wana hadithi kwamba shujaa wao wa kale, naye aitwaye Maui kama kisiwa, alipanda pale akalikamata jua kwa kamba akalilazimisha liende taratibu, kwa sababu mama yake alikuwa hapati mchana wa kutosha kukaushia nguo zake za magome ya mti. Mama hiyo hadithi ilimwingia, mpaka kwaya ya akina mama kanisani wote wakawa wanaijua.

Nikasema ya mlimani nalipa mimi. Mimi ni fundi wa AC na friji, naishi Kimara, sina hela ya kumlipia mtu kruzi ila hii niliona naiweza.

Huyu wakala nilimjua kwa kazi, ofisi yake iko Posta ghorofani, nilienda kumjazia gesi AC yake nikamkuta anaongea na wateja vizuri, ana ramani ukutani, ana mafaili. Jina sitaji maana sitaki uzi ufungwe. Nikamwambia kaka mimi nataka macheo ya Haleakala, meli ikiwa Kahului, watu watatu, mama, dada na mimi. Nikamuuliza mwenyewe, meli nayo inauza hiyo safari, si bora tununue humo humo? Akasema meli wanawapiga, mimi nina mtu wangu kule, dola 260 kwa kichwa, muongoza watalii mwenye leseni, makoti ya baridi, chai ya moto na kiingilio cha hifadhi vyote ndani. Dola 780 jumla, milioni mbili na kidogo, nikatuma kwa simu kwenye namba yake binafsi, alisema lipa namba ya ofisi ina shida. Hapo nilitakiwa nisimame, sikusimama.

Ila kibali NILIULIZA. Sisi watu wa kule juu tunajua geti la hifadhi ni geti, pale Marangu hupiti bila kuandikishwa na bila muongozaji mwenye leseni, kwa hiyo kwa akili ya kawaida tu nikajua na Marekani kuna utaratibu wake. Akanijibu kwa voisi noti, sekunde 14, ninayo mpaka sasa hivi: "Kibali kipo ndani ya bei kaka, wewe mwandae mama." Nimemwandaa mama.

Siku yenyewe tuliambiwa saa 8 na nusu usiku tuwe nje ya geti la bandari. Mama aliamka saa 6, kavaa kitenge, sweta mbili, soksi zangu za kazini juu ya zake, na shuka la kimasai alilolibeba toka Dar kwa ajili ya siku hiyo tu maana alisikia kileleni kunakaribia kuganda. Tumesimama pale nje mpaka saa 9 na dakika 5 ndo kikaja kigari cha kawaida cha familia, hakina jina la kampuni, hakina kitambulisho chochote, dereva kijana mmoja peke yake. Makoti hakuna. Chai hakuna. Nikamuuliza muongoza watalii yuko wapi akasema ni mimi.

Tukapanda. Barabara inapinda inapinda, giza, masikio yanaziba, mama kakaa mbele anashika ile kamba ya mkanda kwa mikono miwili lakini anatabasamu, namuona kwenye kioo. Tulipokaribia geti la hifadhi dereva akapunguza mwendo akatugeukia akasema wakiuliza semeni mimi ni ndugu yenu, tumekuja kutembea kama familia. Dada akamtafsiria mama. Mama tabasamu likaisha. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, kwa nini tudanganye kama tumelipa?"

Getini kuna askari wa hifadhi, mama wa makamo, kofia pana na tochi. Akaomba uthibitisho wa nafasi ya macheo na kitambulisho cha aliyeikata. Dereva hana. Akauliza kama ni safari ya biashara, aonyeshe kibali cha hifadhi cha kampuni. Hana. Yule askari hakuwa mkali hata kidogo, alieleza vizuri kabisa, kwamba gari binafsi likitaka kuingia kati ya saa 9 usiku na saa 1 asubuhi lazima liwe limekata nafasi kabla, na kampuni inayobeba watalii lazima iwe imepewa kibali na hifadhi, na sisi hatukuwa na hiki wala kile, kwa hiyo tugeuze. Akasema kuanzia saa 1 geti liko wazi kwa kila mtu, karibuni sana.

Ilikuwa saa 10 na dakika 20 usiku kule. Dar hapo ni saa 11 na dakika 20 JIONI, siku ya kazi, tofauti ni masaa 13. Nikampigia wakala, simu inaita haipokelewi. Nikamtumia meseji, tiki mbili, zikawa bluu. Nikapiga tena, tena, mara ya tisa ikawa haipatikani. Huyu mtu alikuwa macho yuko ofisini anasoma ninachoandika, mama yangu yuko gizani barabarani kwenye baridi, akazima simu!

Dereva akashusha gari kidogo akaegesha pembeni, naye anampigia bosi wake hapatikani. Tukakaa humo zaidi ya masaa mawili. Magari na mabasi ya watu wenye utaratibu wao yanapita yanapandisha, taa moja, nyingine, nyingine, mama anayahesabu kimya kimya kwa midomo. Na mahali tulipokuwa ni katikati ya mawingu, kileleni ndo unayaacha chini, pale tulipo sisi kila kitu kilikuwa kijivu. Kwenye saa 12 na nusu ule ukijivu ukaanza kuwa mweupe, basi, mweupe tu pande zote, huoni hata nguzo ya pembeni ya barabara. Mama akafuta kioo kwa pembe ya shuka, akachungulia muda mrefu, halafu akauliza, "Ndo limeshachomoza?"

Sikuweza kumjibu wakuu.

Na haikuishia hapo. Saa 12 na dakika 40 dereva akawasha gari akasema ana abiria mwingine wa kumpeleka uwanja wa ndege. Nikamwambia zimebaki dakika 20 tu geti lifunguliwe kwa wote, tupandishe, jua limeshatoka ila mama akaone hata hilo bonde la juu, hata mawingu kutokea juu yake, dada akamwongezea hela mkononi, akakataa. Akatushusha mpaka bandarini.

Pale kwenye ngazi ya meli tukakutana na wenzetu wanarudi, wale walionunua safari hiyo hiyo kwenye meli. Bibi mmoja wa rika la mama akamwonyesha picha kwenye simu, mawingu yako chini kama bahari, lile bonde jekundu linaanza kupata mwanga. Mama akamshika mkono akamwambia hongera. Kaenda chumbani akalikunja lile shuka akalirudisha kwenye begi, siku nne zilizobaki hakulitoa.

Sasa kilichonitoa kabisa kwenye mstari ni hiki. Mchana dada akaingia kwenye mtandao wa serikali yao unaouza hizo nafasi. Mnajua ni shilingi ngapi? Dola MOJA. Dola moja kwa gari zima sio kwa kichwa, ukiongeza kiingilio cha kawaida cha gari ambacho ni dola 30 na kinatumika siku tatu. Unakata siku 60 kabla. Utaratibu upo tangu 2017, waliuweka kwa sababu alfajiri yalikuwa yanapanda magari zaidi ya 300 na maegesho ya juu yanabeba kama 150. Yaani sio siri, sio sheria iliyotoka jana, mtu anayejiita wakala wa safari za nje alitakiwa kulijua hilo kabla hajaniambia bei.

Na kuna nafasi nyingine wanazitoa siku mbili kabla, saa 1 asubuhi ya kule. Siku mbili kabla ya siku yetu tulikuwa Honolulu tunajiandaa kupanda meli, mtandao upo, dada ana leseni yake ya kuendesha. Huyu mtu angenitumia ujumbe mmoja tu, kaka samahani kibali kimenishinda jaribuni wenyewe, tungejaribu wenyewe tukakodi gari. Hata angekula hela yake. Angetuambia tu.

Nimerudi Dar nimemfuata ofisini. Siku ya kwanza katoka kidogo. Siku ya pili yuko kwenye kikao, namsikia sauti yake ndani. Siku ya tatu nikamkalia pale mlangoni, akatoka anacheka, akanishika bega akasema pole sana kaka, mambo ya asili hayo, ukungu huwezi kuupangia. UKUNGU! Nikamwambia mbele ya wateja wake, ukungu haukuturudisha, geti ndo limeturudisha, kwa sababu hukukata nafasi na mtu wako hana kibali. Kama tungefika juu tukakuta mvua nisingekudai senti, mlima una siku zake na mama yangu analijua hilo kuliko wewe na mimi. Akabadilika, oh mimi nilishamlipa mtu wa kule, mdaini yeye. Risiti ya kumlipa huyo mtu? Ataitafuta. Leseni ya TALA, ile ya mawakala wa utalii? Iko kwa mhasibu. Halafu eti atatupa punguzo twende Mikumi.

Sitaki Mikumi. Nataka dola 780.

Najua watakuja wa kuniambia mkuu si ulikuwa Hawaii, una shida gani. Sawa, ila ile hela nimeipata kwa kupanda ngazi kwenye maghorofa ya watu na jua la mwezi wa pili, na sikuilipa nikaringe, niliilipa ili mtu mmoja ajibiwe swali alilokaa nalo toka msichana. Na huyu wakala bado anauza, juzi tu kaweka stetasi ina picha ya macheo ya mlima ule ule, "nafasi chache zimebaki". Kuna mama wa mtu mwingine anaandaliwa sasa hivi. Kama wewe ni mmoja wao na safari yako ni hiyo, mwambie akuonyeshe leo uthibitisho wa nafasi wenye jina lako kama mtapanda na gari binafsi, au jina la kampuni kisha uwaandikie wewe mwenyewe hifadhi uwaulize kama ina kibali. Akianza kukutumia voisi noti badala ya karatasi, ondoka.

Mwenye uzoefu wa kudai hela kama hii Mahakama ya Mwanzo naomba anielekeze, nina meseji zote, nina muamala, nina hiyo voisi noti ya sekunde 14 na vocha aliyoniandikia kwa mkono wake "kiingilio kimejumuishwa". Na kama kuna aliyewahi kulalamika Tume ya Ushindani akasikilizwa aje aseme alianzia wapi.

NYONGEZA, saa 2 usiku: Kapiga. Siku zote hapokei, leo uzi una masaa matatu kapiga mwenyewe. Anasema niufute kesho atanipa nusu. Nimemwambia aandike hayo maneno kwenye meseji, hajaandika. Mama alikuwa pembeni kasikia, akasema mwanangu achana naye. Mama nakuheshimu sana lakini hapana. Ni 780 yote mpaka Ijumaa saa 10 jioni, Jumatatu asubuhi nakwenda kufungua madai.