Nimevunja mfungo wa Kwaresma Shangani, nifanyeje?

Ndugu zangu, naombeni ushauri, na msinicheke sana. Mimi ni Mkatoliki, naishi Mtwara mjini. Tangu Jumatano ya Majivu nilijiwekea nadhiri: nyama hapana, bia hapana, na hela ya vitafunwa inaingia kwenye kopo kwa ajili ya maskini. Nilikuwa naenda vizuri, ugali na kisamvu, hadi mama watoto akashangaa.

Ijumaa iliyopita shemeji akashuka kutoka Dar, akanibeba hadi mgahawa mmoja pale Shangani, upepo wa bahari unapuliza. Nikajisemea nitakula pweza tu, maana samaki wameruhusiwa. Wakaleta kamba wakubwa wa kukaanga, pweza wa nazi mzito, halafu (hapa ndipo shetani alipokuwa amekaa) sinia la mishikaki ya ng'ombe inatoa moshi. Nilikula mishikaki saba na bia mbili za baridi. Bili alilipa shemeji, aibu nikaibeba mimi.

Najua kufunga kwa lazima ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, ila nyama tunaiacha Ijumaa zote za Kwaresma. Mke wangu anasema nikaungame, yaishe. Jirani yangu Mwislamu kaniuliza kama na sisi tunalipa siku, kama wao wanavyolipa za Ramadhani. Nikabaki najikuna kichwa.

Je, niongeze siku baada ya Pasaka? Au nitie koponi thamani ya kile chakula chote? Na shemeji Ijumaa hii bado yupo, ameshauliza tukutane saa ngapi. Namkataliaje bila kumuudhi?