Nzi huyu kwenye maembe yangu ni yupi? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina miembe michache ya dodo huku Mkuranga, na wiki hii kuna nzi simwelewi. Nimempiga picha tatu kwa simu. Itazameni ya pili, nyingine mkono ulitikisika.

Si nzi wa nyumbani huyu. Kwa mbali utadhani nyigu mdogo. Mgongo mweusi wenye mistari miwili ya njano, na juu ya tumbo ana alama nyeusi kama herufi T. Mabawa yanaangaza kama nailoni, hayana madoa. Hapo ndipo ninapokwama, maana nzi wa matunda wale wa Ceratitis mabawa yao yana madoadoa. Jirani anasema nisihangaike, ni nzi tu. Lakini dodo nililopasua jana lilikuwa na funza weupe, tena wanaruka!

Mimi namshuku Bactrocera dorsalis, yule wa kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Je, picha zinatosha kumtambua, au nimtie kwenye spiriti nimpelekee bwana shamba? Na maembe yaliyodondoka niyafukie au niyafunge kwenye mifuko myeusi juani?